Jeni na Majirani Zake: Mpangilio Uliodumu kwa Mamilioni ya Miaka

Jenomu, yaani jumla ya maelekezo yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli ya kiumbe, huandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali ambazo wanasayansi huziita A, C, G na T, na katika seli ya binadamu herufi hizo hupangika katika nyuzi ndefu za DNA zinazoitwa kromosomu, ambazo kwa pamoja hubeba takriban herufi bilioni 3 kutoka kwa kila mzazi. Katika nyuzi hizo mna jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, na jambo lililowashangaza wengi pale rasimu ya jenomu ya binadamu ilipochapishwa mwaka 2001 ni kwamba sehemu zinazotaja protini hazifikii asilimia 2 ya herufi zote. Sehemu iliyobaki iliwahi kuitwa takataka, na ni kweli kwamba nyingi katika herufi hizo hazina kazi inayojulikana. Lakini katikati yake yametawanyika maelfu ya vipande vifupi ambavyo mageuko ya viumbe yamevihifadhi kwa ukali ule ule uliotumika kuhifadhi jeni zenyewe, na mara nyingine kwa ukali uliozidi. Vipande hivyo ndivyo vidhibiti, yaani sehemu za DNA zinazoamua jeni ifanye kazi lini, katika kiungo gani, na kwa kiasi gani. Mahali vilipo vidhibiti hivyo ndipo panapoeleza jambo la pili la ajabu, kwamba jeni nyingi zimekaa na majirani wale wale tangu enzi ambazo mababu wa binadamu na wa samaki walikuwa kiumbe kimoja.

Njia ya kugundua uhifadhi huo ni kulinganisha jenomu za viumbe mbalimbali, na mantiki yake ni nyepesi kuliko vifaa vinavyotumika. Katika kila kizazi herufi chache hubadilika kwa bahati tu, na vipande vizima vya kromosomu huweza kukatika, kugeuka au kuhamia kwingine. Palipo na herufi zisizo na kazi, mabadiliko hayo hujilimbikiza bila kumdhuru yeyote, lakini palipo na kazi muhimu, anayezaliwa na badiliko baya hufa mapema au hupata wazao wachache, na badiliko lake hupotea pamoja naye. Mchujo huo ndio unaoitwa uteuzi asilia. Kwa hiyo, viumbe wawili waliotengana kwa makumi ya mamilioni ya miaka wakikutwa bado wana kipande kinachofanana karibu herufi kwa herufi, kufanana huko ni ushahidi kwamba kipande hicho kina kazi, hata kama hakuna anayejua kazi hiyo ni ipi.

Jenomu ya panya ilipochapishwa mwaka 2002 ulinganisho wa namna hiyo uliwezekana kwa mara ya kwanza kati ya binadamu na mamalia mwingine, na ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 90 ya jenomu hizo mbili inaweza kupangwa katika vipande vikubwa ambamo jeni zilezile zinafuatana kwa utaratibu uleule. Ilionekana pia kwamba kama asilimia 5 ya herufi imelindwa na uteuzi asilia, ilhali sehemu zinazotaja protini ni chini ya nusu ya hiyo asilimia 5, kwa maana kwamba sehemu kubwa ya kile kinacholindwa iko nje ya maelekezo ya protini. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1967, mwanasayansi Susumu Ohno alikuwa amekwisha kutabiri kwamba jeni zilizomo katika kromosomu X zingekutwa katika kromosomu hiyo hiyo kwa mamalia wengi, na kwa mamalia wenye kondo la nyuma utabiri wake umethibitika vizuri.

Hakuna kundi la jeni linalodhihirisha nguvu ya mpangilio kuliko jeni za Hox, na mtu anayetaka kulielewa suala hili hana budi kukaa nazo kwa muda. Mwaka 1978 Edward Lewis, aliyefanya kazi Marekani kwa miongo mingi akichunguza inzi wa matunda, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba jeni zinazoamua kila pingili ya nusu ya nyuma ya mwili wa inzi iwe na umbo gani zimepangwa katika kromosomu kwa utaratibu ule ule ambao pingili hizo zinafuatana mwilini, kutoka mbele kwenda nyuma. Hizo ni baadhi ya jeni za Hox, na jeni za Hox zikiharibika, viungo huota pasipo pake: inzi hupata jozi ya pili ya mabawa, au miguu huota kichwani mahali pa vipapasio. Kati ya mwaka 1983 na 1984 maabara ya Walter Gehring mjini Basel, Uswisi, na watafiti wengine nchini Marekani, waligundua kwamba jeni hizo zote zina kipande kinachofanana chenye herufi 180, kilichoitwa homeoboksi, na muda mfupi baadaye kipande hicho kikapatikana kwa chura, kwa panya na kwa binadamu. Lewis alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus.

Binadamu ana jeni 39 za Hox, zilizogawanyika katika makundi manne yaliyomo katika kromosomu za 2, 7, 12 na 17, na katika kila kundi utaratibu ni ule ule wa inzi: jeni za upande mmoja wa kundi hushughulikia eneo la kisogo na shingo, zinazofuata hushughulikia kifua, na za upande wa pili hushughulikia kiuno na sehemu za mwisho za mwili. Babu wa mwisho wa pamoja wa inzi na binadamu aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo kuna jambo la ziada ambalo Denis Duboule wa Geneva amelichunguza kwa miaka mingi, nalo ni kwamba jeni za Hox huamshwa kwa zamu, moja baada ya nyingine, kwa kufuata mahali zilipo katika kromosomu, kiasi kwamba nafasi ya jeni huamua pia wakati wake wa kuanza kazi katika kiinitete. Jeni ikihamishwa kutoka mwisho wa kundi na kupachikwa mwanzoni, huwahi kuamka, na mwili huharibika.

Hata hivyo, utaratibu huo si amri isiyovunjika, na kuuchukulia hivyo kungepotosha maana yake. Kundi la jeni za Hox la inzi wa matunda lenyewe limekatika vipande viwili, na jenomu ya pweza iliyosomwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba jeni zake za Hox zimetawanyika huku na huko bila kukaa kundi moja, ilhali pweza anaishi na ana mwili wenye ustadi mkubwa. Linalojitokeza ni kwamba jeni hubaki pamoja pale tu ambapo udhibiti wake umefungamana. Udhibiti ukipata njia nyingine ya kufanyika, fungu hulegea na mpangilio huachwa upotee.

Wazo la kwamba jeni huwa na sehemu za kuidhibiti zilizo nje yake lilizaliwa mjini Paris, katika Taasisi ya Pasteur, ambako François Jacob na Jacques Monod walieleza mwaka 1961 namna bakteria wa utumbo wanavyowasha jeni za kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa, pale tu sukari hiyo inapokuwapo, kwa kutumia kipande cha DNA kilicho kando ya jeni hizo ambacho protini maalumu hukiziba au kukiachia. Mwaka 1975 Mary-Claire King na Allan Wilson walilipanua wazo hilo hadi kwa binadamu: walionyesha kwamba protini za binadamu na za sokwe zinafanana mno, na wakahitimisha kwamba tofauti za maumbile na tabia kati ya viumbe hao lazima kwa sehemu kubwa zitokane na namna jeni zinavyodhibitiwa. Kwa bakteria kidhibiti hukaa mlangoni mwa jeni. Kwa wanyama mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa kidhibiti kinaweza kuwa mbali kwa herufi laki kadhaa, na hata kuwa ndani ya jeni nyingine.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa jeni inayoitwa SHH, ambayo protini yake husaidia kuunda ubongo, uti wa mgongo na viungo vingi, na ambayo katika mkono unaoanza kuota huonyesha upande upi uwe wa kidole gumba na upi uwe wa kidole cha mwisho. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Edinburgh, wakiwamo Laura Lettice na Robert Hill, lilieleza kwamba kidhibiti kinachoiwasha SHH katika mikono na miguu ni kipande cha herufi kama 800, kilichopewa jina la ZRS, na kwamba kiko umbali wa takriban herufi milioni 1 kutoka kwa jeni yenyewe. Zaidi ya hayo, kimo ndani ya introni ya jeni nyingine inayoitwa LMBR1. Introni ni sehemu ya katikati ya jeni ambayo hukatwa na kuondolewa kabla ya maelekezo ya protini kusomwa. Herufi moja tu ya ZRS ikibadilika, mtoto anaweza kuzaliwa na kidole cha ziada upande wa kidole gumba, na mabadiliko ya kipande hicho hicho yamepatikana kwa paka wenye vidole vingi. Watafiti wa Japani walipokiondoa chote kwa panya mwaka 2005, panya hao walizaliwa na viwiliwili vya kawaida lakini mikono na miguu yao ilikuwa vigutu.

ZRS imo kwa kuku, kwa papa na kwa mamalia wote waliochunguzwa, na imo hata kwa nyoka, lakini kwao imechakaa. Mwaka 2016 watafiti wa California walitoa ZRS ya panya na kuweka mahali pake ile ya binadamu au ya samaki, na panya waliozaliwa walikuwa na miguu ya kawaida au karibu na kawaida. Walipoweka ile ya chatu au ya fira, panya walizaliwa bila miguu kamili. Katika kipande cha nyoka zilikosekana herufi 17 ambazo wanyama wengine wenye uti wa mgongo wanazo, na ziliporudishwa, miguu ya panya iliota tena. Ni vigumu kupata jaribio linaloonyesha kwa uwazi zaidi thamani ya kipande kisichotaja protini yoyote.

Hapa ndipo sababu ya majirani kutotengana inapoonekana. Jeni ya SHH na jeni ya LMBR1 hazina kazi ya pamoja, lakini kromosomu ikikatika mahali popote kati yake, SHH hupoteza kidhibiti chake. Hali hiyo inalingana na ya nyumba ambayo bomba lake pekee la maji limo ndani ya ua wa jirani, kwa hiyo wenye nyumba hawawezi kuhama hata kama hawana undugu na jirani huyo. Jeni ya PAX6, inayoongoza uundaji wa jicho, ina hali hiyo hiyo, kwa maana vidhibiti vyake kadhaa vimo ndani ya jeni jirani inayoitwa ELP4. Wako watu waliozaliwa bila sehemu ya rangi ya jicho inayozunguka mboni, ambao jeni yao ya PAX6 ni nzima isiyo na kosa hata moja, ila kromosomu yao ilikatika mbele ya jeni hiyo na kuitenganisha na vidhibiti. Madaktari waliotafuta kosa ndani ya jeni pekee hawakuweza kuliona.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa maelezo haya unatoka kwa samaki. Mababu wa samaki wengi wa leo walipata nakala ya pili ya jenomu yao yote zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na baada ya hapo jeni nyingi za ziada zilipotea kwa kuwa nakala moja ilitosha. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi Bergen, Norwei, walionyesha kwamba katika nakala mojawapo jeni jirani mara nyingi ilifutika, sehemu zake zinazotaja protini zikatoweka, lakini vidhibiti vilivyokuwa ndani yake vilibaki palepale, vikiendelea kuitumikia jeni ya pembeni. Kilichokuwa kinalindwa tangu mwanzo, kwa hiyo, ni uhusiano wa jeni na vidhibiti vyake, na jirani alihifadhiwa kwa sababu tu alikuwa amevibeba.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu yake katika elimu hii kupitia silikanti, samaki mwenye mapezi yenye nyama na mifupa, ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu na kudhani kwamba alitoweka pamoja na madinosari, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye walipatikana wengine katika visiwa vya Komoro na, kuanzia miaka ya 2000, katika maji ya Tanga, ambako hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009. Silikanti yuko karibu zaidi na binadamu kuliko alivyo karibu na changu au kolekole, kwa kuwa ukoo wake na ukoo wa wanyama wa nchi kavu ni matawi ya shina moja. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2013, na mwaka huohuo watafiti wa Japani walichapisha jenomu nyingine za silikanti, wakiwamo waliovuliwa Tanzania.

Swali moja lililoulizwa ni namna pezi lilivyogeuka kuwa mkono. Kando ya kundi la jeni za Hox lililomo katika kromosomu ya 2 ya binadamu kuna eneo pana lisilo na jeni ambalo limebeba vidhibiti kadhaa vinavyowasha jeni hizo katika kiganja na vidole, na kimoja kati ya vidhibiti hivyo kilikutwa kwa silikanti pia, ilhali hakikuonekana kwa samaki wa kawaida waliolinganishwa naye. Kipande cha silikanti kilipopachikwa katika kiinitete cha panya, kiliamka katika miguu iliyokuwa inaota, mahali hasa panapotazamiwa. Kwa hiyo kidhibiti kilichokuja kuhudumia mkono kilikuwapo majini kabla ya kuwapo kidole chochote duniani. Utafiti wa mwaka 2006 ulikuwa umefika mahali pa ajabu zaidi: kidhibiti kimoja cha binadamu, kilicho umbali wa herufi karibu nusu milioni kutoka kwa jeni ya ISL1 inayohusika na uundaji wa neva, kilitambuliwa kuwa kimetokana na kipande cha DNA kinachojinakili na kujipachika ovyo, cha aina ambayo kwa silikanti bado imesambaa kwa wingi, wakati kwa binadamu imebaki katika nakala chache zilizopewa kazi na kulindwa.

Uhifadhi hauna maana kwamba kidhibiti hakibadiliki kamwe, na mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili unahusu maziwa. Watoto wachanga wa mamalia hutengeneza laktasi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa katika utumbo mdogo, kisha baada ya kuachishwa ziwa jeni yake, inayoitwa LCT, hufifia. Hali ndiyo hiyo kwa watu wazima wengi duniani. Kidhibiti cha LCT kimo ndani ya introni ya jeni jirani iitwayo MCM6, ambayo kazi yake ni kusaidia kunakili DNA wakati seli zinapogawanyika na haina uhusiano wowote na maziwa. Mwaka 2002 watafiti wa Finland waligundua kwamba Wazungu wengi wanaokunywa maziwa ukubwani bila tatizo wana herufi T badala ya C mahali palipo herufi 13,910 kabla ya mwanzo wa LCT. Herufi hiyo ilipotafutwa kwa wafugaji wengi wa Afrika haikupatikana, na kipimo kilichotegemea herufi hiyo peke yake kingemtangaza mfugaji wa Kimasai kuwa hawezi kusaga maziwa anayoyanywa kila siku.

Jibu lilipatikana mwaka 2007 katika utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, ulioshirikisha wanasayansi wa Tanzania, Kenya na Sudan, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, na uliochunguza watu 470 wa makabila 43. Wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya walikutwa na herufi C badala ya G mahali pa 14,010, badiliko ambalo watafiti walikadiria kuwa lilitokea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita na kuenea kwa kasi kubwa, huenda kwa sababu aliyeweza kunywa maziwa wakati wa ukame alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kuzaa. Mabadiliko mengine yalionekana mahali pa 13,907 na 13,915, na hili la mwisho limeenea hasa katika Rasi ya Arabuni, miongoni mwa watu ambao mababu wao waliishi kwa maziwa ya ngamia. Mabadiliko yote manne yamo ndani ya eneo la herufi zipatazo mia moja tu, katika jenomu yenye herufi bilioni 3, na yalitokea kila moja peke yake, kwa watu waliokuwa mbalimbali. Kwa utafiti wa afya barani Afrika, funzo la maziwa ni zito: anayesoma jeni peke yake, au anayetegemea orodha ya herufi zilizogunduliwa Ulaya, atakosa kile ambacho mwili wa Mwafrika umekibeba.

Kati ya vidhibiti vyote vilivyohifadhiwa, vipo vichache ambavyo uhifadhi wake umepita kiasi kinachoelezeka. Mwaka 2004 Gill Bejerano, David Haussler na wenzao walitangaza vipande 481 vyenye herufi 200 au zaidi ambavyo havina tofauti hata ya herufi moja kati ya binadamu na aina mbili za panya wa maabara, ingawa hata jeni muhimu kabisa huwa na tofauti ndogo baina ya viumbe hao. Ilitarajiwa kwamba kuondoa kipande cha namna hiyo kungeua, lakini mwaka 2007 vinne viliondolewa kwa panya na panya hao wakaishi, wakazaa, wakaonekana wazima. Uchunguzi wa makini zaidi wa mwaka 2018 ulihusu vipande vilivyo karibu na jeni ya ARX, ambayo hushiriki kuujenga ubongo, na safari hii panya waliokosa vipande hivyo walikutwa na kasoro katika ubongo ambazo jicho la kawaida lisingeziona. Mwaka 2021 watafiti walibadilisha herufi nyingi katika vidhibiti vya aina hiyo bila kuviondoa, na vingi viliendelea kuwasha jeni mahali panapotakiwa. Kwa hiyo kazi inaonekana kuvumilia mabadiliko ambayo mageuko hayakuyavumilia. Wapo wanaoeleza kwamba katika maabara yenye chakula tele na isiyo na maadui hasara ndogo haionekani, ilhali porini upungufu mdogo wa idadi ya wazao, ukirudiwa kwa mamilioni ya vizazi, unatosha kulifuta badiliko lolote. Na jenomu za binadamu wa leo zinawaunga mkono, kwa kuwa mabadiliko mapya yanayotokea ndani ya vipande hivyo hubaki kwa watu wachache sana, dalili kwamba mchujo huo unaendelea hata sasa.